Mtoto Asiyekumbuka Tarehe

Msikilizaji, mzazi huuliza: "Mwanangu amenajisiwa mara nyingi, tarehe hazikumbuki. Kesi itasimama?" Yaweza kusimama. Hapa Kenya hati ya mashtaka huandikwa "tarehe tofauti kati ya" mwezi huu na ule. Ushahidi wa mtoto peke yake watosha, mradi hakimu aridhike kwamba asema kweli na aandike sababu zake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kurudi chini. Na mzoefu, aliyekwisha kuhukumiwa awali? Kifungu cha 39 kinairuhusu mahakama kumtangaza mkosaji hatari na kuagiza afuatiliwe hata akitoka jela. Kumalizana nyumbani kwa kulipana mbuzi, jamani, hakuifuti jinai. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.