Mbuni Hauzai Mwaka wa Kwanza

 

Jioni hii twataka kusema juu ya mtu anayetaka kufanikiwa katika kazi yake, na hasa juu ya ile miaka ambayo kazi haimlipi kitu. Habari za mafanikio aghalabu husimuliwa kuanzia mwisho wake. Twaonyeshwa nyumba ya bati, na duka, na watoto walio shuleni. Walakini miaka ya katikati hurukwa, na kumbe ndiyo inayowashinda watu.

Kutamani si kusudi. Mtu asemaye, "Nataka kuwa tajiri," hajasema neno liwezalo kupimwa, wala hawezi kujua jioni kama amekaribia au amerudi nyuma. Kusudi lina idadi, tena lina siku zake. Na tuchukue mfano wa kahawa, maana mbuni ni mwalimu mkali asiyekubali kuharakishwa. Mche hulelewa kitaluni muda wa mwaka hivi. Ukisha kuhamishiwa shambani, buni za kwanza huonekana mwaka wa tatu au wa nne, nazo ni chache. Mazao kamili huja baadaye. Lakini mbuni uliotunzwa vema waweza kuzaa miaka 30 na zaidi.

Tuseme mtu ana shamba la migomba, naye ataka mibuni 100 katikati yake. Akiitazama mia nzima, atakata tamaa kabla ya kushika jembe. Au atachimba mashimo 30 kwa juma moja, mgongo umwume, aache. Wako watu wengi wa namna hii, na si katika kilimo tu. Lakini akichimba shimo moja kila juma la pili, futi mbili kwa upana na futi mbili kwenda chini, mwaka ukiisha ana mashimo 26, na miaka minne ikiisha ana mashimo 104. Yale manne ya ziada ni kwa ajili ya miche itakayokufa, kwa kuwa mingine haina budi kufa. Na mwaka ule wa nne, anapopanda miche ya mwisho, miche ya kwanza yaanza kumlipa. Wanafunzi, ifanyeni hesabu hii katika madaftari yenu, kisha wasomeeni wazee nyumbani.

Hesabu ni rahisi. Lililo gumu ni kupalilia, kutandaza majani makavu chini ya mti, na kukata matawi ya mti ambao haujatoa hata ratili moja, huku jirani akipita njiani na kuuliza, "Bado tu?"

Haya yalitendeka katika mlima wa Kilimanjaro, nasi twapenda kuisimulia habari hiyo kwa urefu kidogo. Mapadre wa misheni ya Kilema walikuwa na mibuni kabla ya mwaka wa 1900, na Wachagga wakaona kwamba mti huu hukubaliana na udongo wao na mifereji yao. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Bwana Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza watu kupanda. Walowezi wengi wa Kizungu hawakupenda. Walisema kwamba mashamba ya Waafrika yataleta magonjwa ya mimea. Nasi twaamini kwamba waliogopa vile vile kukosa vibarua, maana mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kuchuma ya mwingine.

Mwaka wa 1925 wakulima wakaunda chama chao cha wapandaji, na Joseph Merinyo akawa kiongozi wake. Walitaka kupigana na wadudu waharibuo mibuni, na kuiuza kahawa yao pamoja, ili mtu mwenye gunia moja asiwe peke yake mbele ya mnunuzi.

Kisha bei ikaanguka duniani kote. Tangu mwaka wa 1929 kahawa ilikuwa nyingi kuliko wanywaji, hata serikali ya Brazil ikaanza mwaka wa 1931 kuichoma moto. Ilipoacha mwaka wa 1944, ilikuwa imeharibu magunia kama milioni 78. Fikirini, wasikilizaji: mtu wa mlimani ametunza miche yake miaka minne, naye siku ya kuuza aambiwa kwamba ng'ambo ya bahari kahawa yateketezwa kama takataka. Hakuwa mvivu, wala hakukosea hesabu. Chama kile nacho kilizidiwa na madeni, na viongozi wake wakagombana.

Hapa ndipo tuonapo jambo lenyewe. Watu hawakusema, "Chama kimevunjika, basi kahawa imetushinda." Kusudi lao lilikuwa kuuza kahawa yao pamoja, kwa hesabu inayoonekana, chama kilikuwa chombo tu. Mwaka wa 1932 serikali ya Tanganyika ilitoa sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka wa 1933 ukaandikishwa Muungano wa vyama vya Kilimanjaro, ambao watu huuita KNCU mpaka leo.

Wala msidhani kwamba tangu hapo mambo yalikuwa laini. Mkulima alilazimishwa kuuza kwa njia ya Muungano peke yake, na bei ilikuwa mbaya. Mwaka wa 1937 pakatokea ghasia juu ya maghala ya vyama. Hatuwalaumu waliotaka kuelezwa fedha zao zimekwenda wapi. Mtu kuvumilia shida hakumpasi kunyamaza asiulize hesabu, na ushirika usioulizwa huoza. Baada ya vita ya pili bei ikapanda, ikapanda sana, hata mwaka wa 1954 ikawa juu mno. Mbuni uliopandwa mwaka wa 1930 ulikuwa ukizaa bado. Aliyekuwa ameung'oa kwa hasira alikuwa na kazi ya kuanza upya kitaluni, na bei haikumngoja.

Hata chombo kile cha pili kilivunjwa: mwaka wa 1976 serikali ya Tanzania iliifuta miungano yote ya ushirika. Sheria ya mwaka wa 1982 ikairudisha, na KNCU ikaandikishwa tena mwaka wa 1984. Mibuni haikujua neno lolote juu ya mambo hayo. Ilikuwa mlimani, ikingoja kukatwa matawi.

Pengine fundi cherehani au mwenye duka atauliza, "Hayo yanihusu nini, nami sina shamba?" Yamhusu sana. Naye aandike idadi yake: nguo ngapi kwa juma, senti ngapi za akiba, siku gani atanunua cherehani ya pili. Aandike na hasara, maana daftari lenye faida tupu ni barua ya kujisifu. Na ikiwa baada ya muda aliouweka mwenyewe aona kwamba kitambaa fulani hakinunuliwi, akiache, ashone kingine. Huko si kushindwa. Atazame tu kama anaacha kwa sababu hesabu imemwambia, au kwa sababu amechoka Jumatatu asubuhi. Sababu hizi mbili zafanana sana mtu akiwa na njaa, nasi twamshauri asiamue lolote kabla ya kula.

Na yule mwenye shamba la migomba asingoje mvua ndipo atafute jembe. Shimo la mbuni lahitaji kukaa wazi miezi kadhaa, udongo upigwe na jua, kisha lirudishiwe udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Mlimani masika huanza mwezi wa Machi. Basi shimo lake la kwanza lifaalo kwa mvua hizo ni lile la Desemba.