Dawa ni kipimo chake

Tunapomsifu tabibu, aghalabu husema kwamba fulani ana dawa. Ni nadra kusikia mtu akisifiwa kwamba ana kipimo. Jioni ya leo nataka kuzungumza juu ya bwana mmoja ambaye sifa yake haikutokana na kuvumbua dawa mpya, bali imetokana na kuuliza, kwa zaidi ya miaka 40, swali moja ambalo wengi wetu tunalipuuza: dawa hii itolewe kiasi gani, mara ngapi, na pamoja na nini?

Jina lake ni Nicholas White. Ni Mwingereza, aliyesomea udaktari katika hospitali ya Guy's mjini London. Mwaka 1980 alikwenda Bangkok, Thailand, akajiunga na kikosi kidogo cha utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Kikosi hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka mmoja kabla yake na Daktari David Warrell, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Mahidol na Chuo Kikuu cha Oxford. Wageni wengi wa namna hiyo hukaa miaka miwili mitatu, kisha wakafunga mizigo. White hakufunga mizigo. Alikaa huko huko, akawa profesa wa vyuo vyote viwili.

Fani yake ni famakolojia ya tiba. Jina ni gumu, lakini kazi yenyewe yaelezeka. Daktari wa kawaida huuliza: mgonjwa huyu apewe dawa gani? Mtaalamu wa fani hii huendelea kuuliza pale mwenzake alipoishia. Dawa ikishaingia mwilini inakwenda wapi? Inafika kwenye damu kwa kiasi gani, baada ya saa ngapi? Inatoka lini? Na je, mwili wa mgonjwa mahututi huipokea dawa sawasawa na mwili wa mtu mzima wa afya?

Chukua mfano wa kwinini. Dawa hiyo, kutoka ganda la mti wa Amerika ya Kusini, ilikuwa imetumika kutibu homa kwa zaidi ya miaka 300. Ungedhani kwamba katika karne tatu kila kitu kimekwisha julikana. La hasha! White na wenzake walipopima damu za wagonjwa wa malaria kali nchini Thailand, waliona kwamba kwa dozi iliyozoeleka, kwinini ilichelewa kufikia kiwango cha kuua vimelea. Na malaria kali haimsubiri mtu. Wengi wanaokufa, hufa katika saa za mwanzo. Basi wakaonyesha, mwaka 1983, kwamba hospitalini dozi ya kwanza inaweza kuwa maradufu, kisha zifuatazo zikarudi katika kiwango cha kawaida, chini ya uangalizi.

Mwaka huo huo walitoa jambo jingine. Walikuwapo wagonjwa walioanza kupata nafuu, kisha wakapoteza fahamu tena. Ilikuwa rahisi kusema kwamba malaria imepanda kichwani. Walipopima sukari katika damu, wakakuta imeshuka mno. Ugonjwa wenyewe hula sukari ya mwili, na kwinini nayo huichochea kongosho itoe insulini kwa wingi, insulini ikaishusha sukari hiyo zaidi. Waja wazito walikuwa katika hatari kubwa kuliko wengine. Tiba ya hali hiyo ni maji ya sukari kwenye mshipa, kitu ambacho hata hospitali ndogo inaweza kuwa nacho. Lakini huwezi kumpa mgonjwa sukari kama hujaipima.

Ndugu wasikilizaji, wakati huo Wachina walikuwa na dawa yao. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, pamoja na kundi lake, walikuwa wameitoa artemisinini katika mmea mwaka 1972. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa ilikuwapo, lakini dunia ilisitasita. Je, inashinda kwinini kweli? Hapo tena hakukuwa na njia ila kupima. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2005, wagonjwa 1,461 wa malaria kali katika nchi nne za Asia walitibiwa, wengine kwa kwinini na wengine kwa sindano ya atesuneti, ambayo hutokana na artemisinini. Waliopewa kwinini, walikufa 22 katika kila 100. Waliopewa atesuneti, walikufa 15.

Yakazuka maneno kwamba hayo ni ya Asia, kwa watu wazima, na kwamba Afrika wanaokufa ni watoto. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, na haikujibiwa kwa maneno. Chini ya uongozi wa Profesa Arjen Dondorp, mwenzake White pale Bangkok, ulifanywa utafiti katika nchi tisa za Afrika kati ya mwaka 2005 na 2010. Walikuwamo watoto wetu wa Muheza na Korogwe mkoani Tanga, wa Kilifi nchini Kenya, na wa Mbarara nchini Uganda. Jumla watoto 5,425. Kwa upande wa kwinini walikufa 297. Kwa upande wa atesuneti, 230. Tofauti ni watoto 67. Hesabu hiyo isome polepole, kwa sababu kila mmoja wao ana mama. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Sasa nije kwa yale yanayotuhusu sisi tunaonunua dawa dukani. Wengi tunaikumbuka klorokwini, ilivyokuwa ikituwasha mwili mzima. Tuliivumilia kwa sababu ilitibu. Ikafika siku haitibu tena. Kenya iliiacha mwaka 1998, Tanzania mwaka 2001. White na wenzake, wakiwamo watafiti waliofanya kazi Kenya, waliandika mwaka 1999 kwamba Afrika isirudie kosa la kutumia dawa moja moja mpaka kila moja iharibike. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kimelea kinachoweza kuiponyoka dawa moja si haba. Kinachoweza kuziponyoka mbili kwa mpigo ni adimu mno. Wakati ule wakosoaji walisema mseto ni ghali. Kweli ulikuwa ghali. Lakini dawa rahisi isiyotibu ni ghali zaidi, maana gharama yake hulipwa makaburini. Tanzania ilianza kutumia dawa ya mseto mwishoni mwa mwaka 2006.

Mseto huo hufanya kazi hivi. Artemisinini huua vimelea kwa kasi kubwa, ikivipunguza kama mara 10,000 katika kila siku mbili, lakini haikai mwilini. Saa chache tu imekwisha toka. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuwa na vimelea trilioni moja. Baada ya siku mbili za dawa, hata vikipungua kwa kasi hiyo, bado anavyo milioni 100. Homa imeshuka, hamu ya kula imerudi, na mtu anajisemea: nimepona. Hajapona. Waliobaki wanamaliziwa na dawa ya pili, inayokaa mwilini siku nyingi, na hiyo ikipungua haiwezi kuwamaliza.

Hata hili lilipimwa. Mwaka 1999, White akiwa miongoni mwa watafiti, ililinganishwa Thailand dozi nne za mseto tunaoutumia na dozi sita. Kwa dozi nne walipona 83 katika 100. Kwa dozi sita katika siku tatu, 97. Ndiyo maana mtu mzima hupewa vidonge 24, vinne kila mara, mara sita, na huambiwa ale chakula chenye mafuta kidogo ili dawa ipokelewe vizuri. Idadi hiyo haikuwekwa ili kumnufaisha mwenye duka.

Lakini mimi nasikia, nanyi mnasikia, watu wakiomba dukani: nipe vya kuanzia, vingine nitafuata. Wengine humeza vya siku moja na nusu, vilivyobaki wakaviweka kabatini kwa ajili ya mtoto. Fedha ni ngumu, sikatai. Ila tujue tunachokifanya. Vimelea visivyokufa upesi kwa artemisinini vilitangazwa Kambodia mwaka 2009. Mwaka 2020 vikaripotiwa Rwanda, mwaka 2021 Uganda, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 umevikuta mkoani kwetu Kagera. Mseto bado unaponya, kwa sababu dawa ya pili ingali inafanya kazi yake. Huo ndio ufa, na ukuta haujaanguka. White na wenzake wamekwisha jaribu kuunganisha dawa tatu badala ya mbili, ili kuuziba.

Yeye amepata vyeo na nishani, na Malkia wa Uingereza alimtunuku hadhi ya Sir mwaka 2017. Hayo ni yake. La kwetu ni dogo na liko mikononi mwetu: kupima damu kabla ya kumeza, na tukishaanza kumeza, kumaliza. Wapo watoto 5,425, baadhi yao jirani zetu, ambao miili yao ndiyo iliyotupatia elimu hii. Kumeza nusu ni kuitupa.