Video ni Mchikichi, si Ndagala
(Mazungumzo na wakazi waliotoka Rumonge na Nyanza-Lac)

Vijana wananiuliza juu ya fedha za YouTube zinazoingia mtu akiwa amelala. Ninyi mliotoka ziwani mnaijua habari hii. Mvuvi wa ndagala hupata kwa usiku aliovua tu. Mwenye mchikichi husubiri miaka mitatu au minne, kisha hukata mikungu miaka 20 na zaidi.

Lakini si kila video ni mchikichi. Mama anayeonyesha kukamua mawese atatazamwa hata mwakani. Anayesimulia mechi ya jana, kesho amesahauliwa.

Na kusubiri kupo. Ili kupata mgao wa matangazo, njia ya kawaida ni kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Si nchi zote zinazokubaliwa, kwa hiyo ulizeni kwanza. Fedha zikifika dola 10, namba ya siri hutumwa kwa barua ya posta. Kambini hapa, barua hiyo itakufikia wapi? Tafuta anwani ya kuaminika mapema, na jina lako lilingane na kitambulisho. Malipo yenyewe huanza dola 100.

Kujiunga ni bure. Akija mtu kukudai ada ya "kufunguliwa", usiuze unga wa posho. Huyo ni tapeli, hata kama mmetoka kijiji kimoja.

Mwenye swali abaki, tutazame pamoja simu yake.