Nyaya za Tanuri la Gesi
(Hotuba ya mfanyakazi wa reli kwa wanachama, Majengo, Meru)



Mniwie radhi nikizungumza habari ya chombo ambacho hapa Majengo hakipo. Baridi yetu ya Julai tunaimaliza kwa sweta na jiko la makaa. Lakini vijana wetu wanakwenda Canada na Marekani, wengine hupewa kazi ya kutunza majumba, na huko hukuta tanuri la gesi linalopasha nyumba nzima joto. Afadhali walijue kabla ya kupanda ndege.

Themostati, kile kisanduku cha ukutani, haichomi kitu. Ni swichi tu, kama ile iliyo ndani ya pasi ya stima: joto likipungua inaunga njia, likitosha inaikata. Hufungwa kwenye ukuta wa ndani, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na jua na mlango, isije ikadanganywa.

Stima ya nyumba huko ni volti 120. Transfoma huishusha iwe 24, nayo ndiyo inayopita katika nyaya hizi nyembamba. Waya wa R unaleta stima. W unaita moto. G unaita feni. Y ni wa mashine ya kupoza. C ni njia ya kurudi, na themostati nyingi za kisasa hazifanyi kazi bila huo. Fundi asiamini rangi, maana aliyetangulia huenda alitumia waya alioupata. Asome herufi pale waya unapofungwa. Tena azime stima kwanza: R ikigusa C fyuzi inakatika, na pasipo fyuzi transfoma inaungua.

Tanuri likikataa kuwaka, unga R na W pale kwenye tanuri lenyewe. Likiwaka, ugonjwa uko kwenye themostati au waya wake. Lisipowaka, ugonjwa uko ndani, na hapo ndipo pa kufungua macho.

W ukiita, gesi haifunguki mara moja. Kwanza feni ndogo inavuta moshi kwenda nje, na swichi moja inashuhudia kwamba umevutwa. Ndipo kiwashio, ndipo vali ya gesi. Kijiti kidogo kinaangalia moto. Usipoonekana kwa sekunde chache, vali inafungwa. Swichi nyingine inakata moto joto likizidi. Sisi wa reli tunaujua mpango huu. Tangu William Robinson alipopitisha stima katika reli zenyewe mwaka 1872, rilei ikikosa stima inaanguka, na ishara inakuwa nyekundu. Gesi vivyo hivyo: stima ikikosekana, vali inajifunga.

Basi yuko msimamizi atakayesema, "Funga kipande cha waya kipite swichi hiyo, watu wanalia baridi." Mimi nimewahi kuambiwa hivyo juu ya rilei. Nilikataa, nikaitwa mkaidi mbele ya wenzangu. Swichi inakata kwa sababu pana kasoro: bomba la moshi limezibwa na theluji, au chujio la hewa limejaa vumbi. Ukiiruka, nyumba yaweza kujaa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu wetu waliolala na jiko la makaa madirisha yamefungwa.

Kijana akilazimishwa, aombe amri hiyo kwa maandishi, na amweleze mwakilishi wa chama chake siku hiyo hiyo. Herufi zile tano Katibu amezibandika mlangoni. Anayetaka kunakili aje na kalamu.