Kelele Si Kasi

(Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni)



Jumapili iliyopita alinijia nyumbani kijana wa miaka 22, mtoto wa mdogo wangu. Alipomaliza chai alitoa simu mfukoni, akanionyesha picha ya pikipiki, akasema, "Shikamoo tena, baba mkubwa. Hii inauzwa. Nataka uniambie ninunue au nisinunue."

Nikaitazama ile picha. Ilikuwa pikipiki ya mbio, ya Kijapani, yenye umri kumzidi yeye mwenyewe. Injini yake ni ya mapigo mawili, ile ambayo mafundi wetu huiita tustroku. Tangi limepakwa rangi upya, linang'aa kama sahani ya harusi. Lakini ekzosi yake imekatwa. Nikamwuliza, "Na hii imekatwa kwa nini?" Akajibu kwa furaha, "Muuzaji anasema ameitengeneza iongeze kasi. Ungeisikia inavyolia, baba mkubwa!"

Ndugu wasikilizaji, baba yake kijana huyu anachechemea mguu wa kushoto hadi leo, na aliyekuwa ameshika usukani siku alipoumia ni mimi. Kwa hiyo swali lile halikuwa dogo kwangu. Nimeona nilijibu mbele yenu nyote, kwani najua vijana wa namna hii ni wengi, na wauzaji wa namna ile ni wengi pia.

Tuanze na mashine yenyewe. Bodaboda nyingi tunazopanda leo zina injini ya mapigo manne. Hiyo huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Tustroku huwaka katika kila mzunguko mmoja. Ndiyo maana injini ndogo ya tustroku huweza kukurusha kama swala. Tena haina valvu za juu zinazofunguka na kufunga. Silinda yake ina matundu ubavuni, na pistoni yenyewe ikipanda na kushuka ndiyo mlango. Vifaa ni vichache, uzito ni mdogo, na fundi anayeielewa anaweza kuifungua silinda yake chini ya mwembe.

Lakini kila chema kina gharama yake. Katika silinda hiyo, moshi unatoka wakati ule ule petroli mbichi inapoingia. Sehemu ya petroli hiyo hufuata moshi na kupotea nje kabla haijawaka. Kwa miaka mingi wahandisi walihangaika na hasara hiyo.

Aliyeifanya dunia ya mbio igeuke ni Mjerumani mmoja, Walter Kaaden, aliyeongoza idara ya pikipiki za mbio katika kiwanda cha MZ mjini Zschopau, iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Hakuwa na fedha kama wapinzani wake. Alichokuwa nacho ni masikio na akili. Yeye aliishughulikia ekzosi kama sehemu ya injini, si kama bomba la kutupia moshi tu. Ekzosi ya tustroku ya mbio huanza nyembamba, ikatanuka kama tumbo la samaki, kisha ikasinyaa tena. Pale inapotanuka, huvuta moshi utoke upesi. Pale inaposinyaa, mgandamizo hugonga na kurudi nyuma, kama wimbi linavyogonga ukuta wa bandari na kurudi baharini. Wimbi hilo huikuta petroli iliyokuwa ikitoroka na kuisukuma irudi ndani ya silinda kabla tundu halijafungwa.

Yote hayo hutendeka upesi mno. Injini inayozunguka mara 10,000 kwa dakika huwaka zaidi ya mara 160 katika sekunde moja. Wimbi likichelewa kidogo halina faida, na likiwahi kidogo halina faida. Ndiyo maana urefu na unene wa ekzosi hupimwa kwa hesabu.

Kufikia mwaka 1961, injini ya Kaaden ya ujazo wa sentimita 125 tu ilikuwa ikitoa nguvu za farasi zipatazo 25. Hizo ni sawa na farasi 200 kwa kila lita, jambo kubwa mno wakati huo kwa injini inayovuta hewa yenyewe bila kusukumiwa. Mwaka huo huo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaenda kufanya kazi na Suzuki ya Japani, akiwa na ujuzi wa Zschopau kichwani. Mwaka 1962 Degner alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita 50 akiwa na Suzuki. Na kuanzia mwaka 1975 hadi 2001, ubingwa wa dunia wa daraja kubwa, lile la sentimita 500, ulichukuliwa na tustroku mwaka baada ya mwaka.

Naam. Sasa rudini kwenye ile picha ya simu. Muuzaji amechukua msumeno akaikata ekzosi, kisha anasema ameongeza kasi. Hasha! Amekata ule ukuta unaorudisha wimbi. Kilichoongezeka ni kelele. Nguvu imepungua, petroli inapotea, na kabureta iliyopangwa kwa ekzosi ya kiwandani sasa haipimi sawa.

Najua, kwa sababu nami nilifanya hivyo hivyo. Mwaka 2001, nikiwa nimetoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari na mshahara wangu wa kwanza, nilinunua tustroku iliyotumika. Nilikubali kila nilichoambiwa gereji. Fundi alitoboa ekzosi. Akavua filta ya hewa ili injini, alivyosema, ipate pumzi. Akaweka jeti ndogo katika kabureta ili petroli isiliwe sana. Nikamlipa na kumshukuru.

Jumamosi moja tuliondoka Tanga kwenda Muheza harusini, mdogo wangu akiwa nyuma yangu. Barabara ilikuwa nyeupe, nami nikafungua mafuta yote. Kwa dakika chache pikipiki ilikimbia kuliko siku zote. Kisha ikatoa mlio mwembamba, kama kisu kinachokwaruza bati, na gurudumu la nyuma likasimama ghafla likiwa bado barabarani. Mimi nilichubuka mikono. Mdogo wangu alivunjika mguu mahali pawili.

Jambo lililotupata mafundi huliita injini kushika. Nafasi kati ya pistoni na silinda ni ndogo kama unene wa unywele. Hewa ikizidi na petroli ikapungua, moto unakuwa mkali, pistoni inatanuka, na nafasi ile inakwisha. Tena katika tustroku ambayo oili huchanganywa na petroli tangini, ukipunguza petroli umepunguza na oili. Yaani unaiongezea injini joto na kuinyima kilainishi kwa mkono ule ule. Filta iliyovuliwa ilizidisha hewa, jeti ndogo ilipunguza petroli, na ekzosi iliyotobolewa iliharibu hesabu yote. Laiti ningejua kuweka vidole viwili juu ya klachi na kuibana mara niliposikia ule mlio, pengine gurudumu lingeendelea kuzunguka nasi tungesimama salama.

Kwa hiyo nilimwambia mwanangu yafuatayo, nawe msikilizaji unaweza kuyachukua.

Mosi, nenda asubuhi na uikute injini ikiwa baridi. Gusa silinda kwa kiganja kabla ya kupiga kiki. Ikiwa ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika, nawe jiulize anaficha nini.

Pili, omba ekzosi ifunguliwe pale inapoungana na silinda. Ni kazi ya boliti chache. Chukua tochi umulike tundu la moshi, na pistoni utaiona kwa macho yako. Ikiwa ina michirizi ya kusimama, kama iliyokwaruzwa na msumari, basi iliwahi kushika.

Tatu, mwambie fundi wako afungue kifuniko cha pembeni na kujaribu kuitikisa sumaku juu na chini. Ikicheza, beringi za kranki zimekwisha, na hiyo si kazi ya fedha kidogo. Sili za kranki nazo zitazame. Ya upande wa gia ikichoka, injini hunyonya oili ya gia, moshi mweupe ukajaa mtaa mzima. Ya upande wa sumaku ikichoka, injini huvuta hewa ya wizi. Utaitambua pale unapoachia mafuta na injini ikakawia kushuka mlio wake.

Nne, uliza habari za oili. Yamaha walianza mwaka 1964 kuweka pampu inayopeleka oili yenyewe kwenye injini, na pikipiki nyingi za Kijapani zilizofuata zina pampu ya namna hiyo. Watu wengine huing'oa. Hiyo si dhambi, mradi oili ichanganywe tangini kwa kipimo. Tazama kitabu cha mashine yako. Kikisema moja kwa hamsini, maana yake ni mililita 100 za oili ya tustroku katika lita 5 za petroli, na si kukadiria kwa kifuniko cha chupa.

Tano, namba ya fremu na namba ya injini zifanane na zilizo kwenye kadi. Hapo sina la kueleza zaidi.

Ukishainunua, usiongeze kitu. Rudisha kwanza. Rudisha ekzosi ya kiwandani, rudisha filta, rudisha jeti ya namba iliyoandikwa kitabuni, weka sili mpya. Wengi wakifanya hayo hushangaa kuona kwamba ile kasi waliyokuwa wakiitafuta ilikuwamo tangu mwanzo, imeharibiwa tu na waliotangulia. Baada ya hapo, ukitaka kubadili, badili kitu kimoja kwa wakati. Kimbiza mafuta yakiwa wazi, zima injini papo hapo huku umebana klachi, kisha fungua plagi uisome. Rangi ya kahawa iliyokaangwa ni afya. Nyeusi yenye majimaji ni petroli iliyozidi. Nyeupe ni hatari, usiendelee hata kilomita moja. Anza siku zote na jeti kubwa ukishuka polepole, kwani petroli ikizidi utachafua plagi, bali ikipungua utavunja mguu wa ndugu yako.

Sikumwambia asinunue. Mimi nami nilikuwa kijana, na ule mlio wa tustroku ikipanda bado hunisimamisha njiani. Nilimwonya tu kwamba viwanda vikubwa vya Japani viliachana na tustroku za mbio za barabarani kuelekea mwaka 2000, kwa sababu ya sheria za moshi. Vipuri ni vya kutafuta kwa tochi, na theluthi ya fedha zake aiache nyumbani kwa ajili ya matengenezo.

Juzi Jumatano alinipigia simu. Alikwenda asubuhi na tochi yake. Silinda aliikuta ya moto. Alipoomba ekzosi ifunguliwe, muuzaji alikasirika, akamwambia kuna mteja mwingine anakuja na fedha taslimu saa sita.

Nikamwuliza, "Sasa wewe uko wapi?"

Akasema, "Niko kwenye daladala, baba mkubwa, narudi nyumbani. Nimeshika fedha zangu zote."

Nilimpa simu baba yake waongee.

Wasikilizaji wapenzi, kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.