Onyo la Upepo Mkuu na Usalama wa Njiani

Mabwana wazee, walimu, na ndugu zangu wote wa Madimba,

Nataka kuwaambia habari ya upepo. Mwezi wa Aprili, mwaka 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba tufani iitwayo Kenneth yaja karibu na pwani yetu. Tarehe 25 ikapiga kusini ya mto Ruvuma, katika Cabo Delgado, nchi ya Msumbiji, ikabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Sisi tukasalimika. Basi asiseme mtu kwamba onyo lile lilikuwa uongo. Tufani ingaligeuza njia kidogo tu, tungalilia sisi. Mji wa Lindi ulipigwa mwezi huohuo wa Aprili, mwaka 1952.

Kwa hiyo, onyo likisikiwa, safari iahirishwe. Aliyekwisha kuwa njiani na apunguze mwendo, hasa atokapo penye mikorosho na kuingia mahali palipo wazi, maana hapo upepo humpiga ubavuni kwa ghafula. Pikipiki na baiskeli husukumwa kando, na lori refu lisilo na shehena laweza kupinduka. Asilipite gari jingine. Asijikinge chini ya mnazi wala mkorosho, bali atafute nyumba imara. Waya za umeme zilizoanguka asiziguse.

Nanyi walimu, upepo uvumapo kwa nguvu, msiwaachie watoto kushika njia. Safari iliyoachwa leo itafanywa kesho. Aliyekufa njiani harudi.