Ukuta Mmoja, Nyumba Mbili
(Hotuba iliyosomwa katika maadhimisho ya hekalu letu, Mji Mkongwe, Unguja)



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya uraia wa dunia na maendeleo endelevu. Sisi ni watu wa duka. Masomo yetu yaliishia sekondari, na maneno haya tuliyasikia tukiwa watu wazima. Lakini tulipoyatafakari tuliona kwamba nyumba yetu wenyewe ilikwisha kutufundisha maana yake.

Kila aliyezaliwa katika mitaa hii anajua kuwa nyumba zetu nyingi zimeegemeana. Ukuta wangu ndio ukuta wako. Ni ukuta wa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Juu yake zimelala boriti za mikoko, nyingi zikiwa zimeletwa na majahazi kutoka Rufiji, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Milangoni mna msaji uliovuka bahari kutoka Bara Hindi.

Katika miaka ya 1980 familia yetu ilipata fedha kidogo, tukaamua kuipaka nyumba saruji. Fundi mmoja mzee alituonya: ukuta wa chokaa hupumua, ukiuziba kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Hatukumsikiliza. Saruji ilikauka upesi, ikapendeza, nasi tukajiona watu wa kisasa.

Baada ya masika mawili matatu, jirani yetu, bibi aliyetulea pamoja na wajukuu zake, alikuja akasimama mlangoni. Hakugomba. Alisema tu, "Wanangu, njooni muone." Chumbani kwake chokaa ilikuwa imeanguka chini, na ncha za boriti zimeoza pale zilipoingia ukutani. Bomba letu la maji ya mvua lilikuwa limepasuka juu, maji yanateremka ndani ya ukuta, na saruji yetu imeyazuia yasitokee upande wetu. Yakajitafutia njia ya kwake. Sisi tulikuwa tukisifiwa kwa nyumba nzuri, naye alikuwa akilala chini ya dari inayooza.

Tuliibandua saruji yote, tukabadilisha boriti, tukarudia chokaa. Kazi ilichukua karibu mwaka mzima. Gharama tulilipa sisi; lakini Ramadhani ilipoingia, futari tuliletewa na yeye.

Ndugu zetu, dunia nayo ni nyumba za ukuta mmoja. Tazameni wanawake wa Paje na Jambiani, wanaolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani huo husafirishwa nchi za mbali na kutiwa katika dawa za meno na vyakula. Leo maji ya pwani yamezidi joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi huugua na kufa. Mama wa Paje hana kiwanda wala moshi. Bomba limepasuka kwa wengine, maji yanaingia kwake. Mataifa yalipokubaliana Septemba 2015 juu ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, ya kufikiwa ifikapo 2030, yalikiri jambo alilotuambia bibi yetu mlangoni.

Wapo wanaodhani raia wa dunia ni mwenye pasi mbili na jamaa kila bara. Kama ni hivyo, sisi tulistahili jina hilo zamani. Baada ya 1964 jamaa zetu wengi waliondoka, na leo watoto wetu wako Dar es Salaam, Leicester na London. Tumeagiza bidhaa Bombay na Dubai. Bibi yule hakupata kutoka Unguja, lakini ndiye aliyejua kwamba la kwako hunifika na la kwangu hukufika. Yeye alikuwa raia wa dunia kabla yetu.

Wala tusijisifu kwa historia isiyo kamili. Tharia Topan, mzaliwa wa Kutch, alianzisha jengo la Zahanati ya Kale ili wagonjwa watibiwe. Lakini wapo pia wafanyabiashara wa asili yetu waliowakopesha wenye mashamba ya karafuu hadi mashamba yakawekwa rehani, na waliotia fedha katika misafara iliyobeba watumwa. Nao pia walijenga kwa saruji, na maji yakaingia kwa wengine.

Mji huu uliwekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Urithi hauhifadhiwi kwa cheti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengine hawapati hata nafasi ya kujenga.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwenye nyumba akague bomba la maji ya mvua na ukuta wa pamoja kabla ya masika, akiwa na jirani yake. Pili, karamu zetu zirudie thali za chuma zilizolala kabatini jikoni mwa hekalu, badala ya sahani za plastiki zinazoishia baharini. Tatu, watoto wetu walioko ng'ambo, ambao hutuma fedha kwa ajili ya mapambo, watume sehemu yake kwa chokaa na boriti, na nyumba ya jirani asiye na uwezo ihesabiwe pamoja na zetu.

Bibi yetu ametangulia mbele ya haki. Ukuta wake na wetu bado umesimama. Tunapopita pale tunaupapasa kwa mkono kuona kama ni mkavu.